Samaki wa Baba Mdogo

Juzi, katika hoteli moja Homa Bay, vijana walikuwa wakibishana ni hukumu gani ya mahakama kuu iliyowagawa Wakenya zaidi. Harufu ya samaki wa kuchemsha ikanirudisha kwenye alasiri ile ya utoto wangu baba alipotoka kortini akicheka. Nilidhani yeye na mdogo wake wameshinda wote. Baba mdogo Odera alikuwa amemwachia aandikishe shamba la babu kwa niaba yao wawili. Baba akaandika jina lake tu, na jaji akasema mwenye jina ndiye mwenye shamba.

Ndugu hao walikuwa wakila sahani moja tangu utotoni. Siku hiyo baba mdogo alinawa, akautazama ugali na samaki, akasimama.

“Nimeshiba, nyathina,” aliniambia, akiniita mwanawe kwa Kijaluo.

Leo najua hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Siku ile nilifurahi tu, nikala samaki wake.