Sufuria ya Mama na Gari Jekundu

Jamani, sikai, situlii. Nimezunguka uani mpaka kuku wananikimbia.

Muuzaji kaniachia magari madogo mawili niyajaribu mpaka Magharibi, yote yana injini ya mbio. Jekundu ni gia ya mkono, na kwenye kona linang'ang'ania lami kama kupe. La kijivu ni otomatiki, zito kidogo, ila nyuma lina nafasi.

Sasa, gari nanunua na mama, na mama anapika pilau za harusi. Sharti lake ni moja tu: sufuria yake kubwa iingie.

Kwenye la kijivu ikaingia vizuri. Kwenye jekundu, mlango wa nyuma ukagoma kufunga.

Nikajua basi tena. Nikamwomba, "Mama, twende nalo mpaka Pongwe turudi, nikaliage."

Barabara tupu. Nikakanyaga. Mama kakumbatia mkoba, midomo inacheza. Nikasema hapa anasoma dua, leo nimemuudhi. Nikapunguza mwendo.

Akanigeukia. "Mbona unapunguza?"

"Nilidhani unaogopa, mama."

"Niogope nini? Kanyaga, baba!"

Tuliporudi akashuka, akafunga mlango taratibu kama kalaza mtoto. "Hili hili. Sufuria itapanda bajaji."

Mama ana pilau ya harusi Jumamosi, muuzaji anapiga simu, na sasa anayewaza sufuria ni mimi!

Nyie mngechukua lipi? Jibuni haraka. Mama keshakaa tena kiti cha mbele, na mkanda kafunga.