Wosha Mbili na Posa ya Rukia

Mkiniona nacheka msidhani yamekwisha, kwa sababu aibu niliyoipata mtaani Ndia Kuu siku ile bado hunijia hata nikiwa peke yangu nanyoa ndevu, nikajikuta nafumba macho mbele ya kioo.

Baiskeli yangu ya milimani nilikuwa nimeitoa gia zote nikaiachia moja mbele na moja nyuma, kwa maringo tu ya kwamba miguu ninayo (milima ya kwetu Bondeni mnaijua, haipo). Sasa baiskeli ya gia moja ina sharti lake: gia ya mbele na ya nyuma zitazamane sawasawa ili mnyororo uende mstari mmoja, ukienda upande utaruka. Fundi wangu wa Tononoka aliniambia nipime kwa rula, kisha nihamishe wosha mbili, vile vipete vyembamba vya chuma, kutoka upande huu wa gia ya nyuma hadi ule. Mimi nikafumba jicho moja, nikatazama, nikasema itashika. Ikawa inakwaruza kila nikikanyaga, nikaimwagia oili mpaka ikanyamaza kidogo.

Ijumaa ile ami yangu Twalibu na wazee wawili walikwenda kuniposea Rukia kwa babake, Mzee Badi, aliyekuwa fundi wa mitambo bandarini mpaka akastaafu, na ambaye alikuwa amekwisha kataa posa mbili. Mwenye kuposa hukaa kwao, haonekani mtaa ule siku ile, hilo kila mtu analijua. Nikakaa, roho juu, mara simu ikalia: ami ameisahau halwa ya posa kwetu.

"Mpe mtu ailete," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe usije."

Mtu hakuwepo. (Kwa kweli sikumtafuta sana, nilitaka mwenyewe kujua yanayosemwa.) Nikaona nitaiacha duka la kona, mbele kidogo ya nyumba yao, nirudi zangu, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuswali nikapanda baiskeli na kanzu yangu nyeupe, halwa nimeitundika kwenye usukani.

Nilipoingia Ndia Kuu mnyororo ukaanza kuruka meno, nikaogopa, na badala ya kushuka nikakanyaga zaidi ili niupite upesi mlango wa kina Rukia, na hapo hapo, mbele ya viatu vya wazee vilivyopangwa kizingitini, ukachomoka, ukakwama baina ya gia na fremu, ukaikamata na kanzu. Nikaanguka ubavu, baiskeli juu yangu, halwa chini. Kila nikitaka kuinuka kanzu inanirudisha. Madirisha ya juu yakafunguka, na sikuthubutu kutazama lipi ni la Rukia.

Mzee Badi akatoka, ami nyuma yake.

"Mwamjua huyu?" Mzee akauliza.

"Simjui," akasema ami, na pua yake na yangu ni moja.

Mzee akachutama. Mimi hakunitazama, aliutazama mnyororo.

"Wenda upande huu. Ulipima na nini?"

"Kwa mato, baba," nikasema, nikigusa jicho.

"Mato." Akaingia ndani, nikadhani amekwenda kuita watu, akarudi na rula ya chuma na mkasi. Akapima, akanionyesha gia zilivyopishana, upana wa kidole chake cha mwisho, kisha akanikata kanzu mpaka magotini ndipo nikatoka. "Na fundi hakukwambia?"

"Aliniambia."

Hapo nilitaka kulia. Mzee akamgeukia ami.

"Posa nimeisikia. Jawabu ntawapa siku kijana wenu atakapopita hapa nisimsikie."

Wosha nilizihamisha jioni ile ile, kwa rula, na sasa mnyororo umenyooka, hausemi kitu. Nimeapa sipimi tena kwa jicho, si baiskeli, si kitasa cha mlango. Lakini kila nikifika kona ya Ndia Kuu huyakumbuka madirisha yale, nikashuka, nikaisukuma kurudi nyumbani.

Leo Rukia ameniletea ujumbe. Babake hukaa barazani kila baada ya alasiri, wiki ya tatu hii, anasikiliza, na jana alimuuliza kama huenda nimeshapita asinisikie. "Nimwambie nini?" ameniandikia.

Nimeiweka simu chini, nikaichukua rula nipime tena.