Watoto Wembamba Walivyokula Pamoja

Jumapili, tarehe 12 Julai. Asubuhi baridi kali, nyasi za nyuma ya nyumba nyeupe kwa barafu. Mchana likatoka jua, lile jua la Julai la mtaa wetu huu wa Minto, nchi ambayo Julai ndiyo majira ya baridi: linang'aa tu wala halipashi.

Naandika leo kwa sababu nina furaha, na furaha nisipoiandika, kesho naanza kuitilia shaka. Ndivyo nilivyo. Shule niliishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, kwa hiyo nikikosea nivumiliwe.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mrohingya, Mwislamu, mkimbizi kama sisi. Mimi naye tunaongea Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu na chake, na tunaelewana. Mimi ananiita sista, mama yangu anamwita mama. Mdogo wake wa kike bado yuko kambini, Bangladesh, ana watoto wanne. Wa mwisho ni msichana, alikuwa amekonda sana. Watu wa lishe walimpima mkono kwa ule utepe wenye rangi, ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Wakawa wanampa vipakiti vya karanga zilizosagwa na maziwa, na kila wiki mama yake ampeleke kupimwa.

Kila wiki, nyekundu.

Mwezi uliopita jirani aliingia jikoni kwetu, mimi ndiyo kwanza natoka shifti kwenye nyumba ya wazee, hata viatu sijavua.

"Sista, chakula chao hakina kazi," akasema. "Na wanamgombeza mdogo wangu. Amesema harudi tena pale."

Kama walimgombeza kweli, mimi sijui, sikuwepo. Pengine walimuuliza tu. Mtu mwenye aibu akiulizwa husikia anagombezwa. Lakini nilijua mtoto wa namna ile akiacha kupelekwa huwa inaishaje. Kambini kwetu nilikuwa naona wanapita nao, wamefunikwa kitenge.

Jirani akapiga simu ya video palepale mezani ili tumwone mtoto. Mama yangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Tukamwona yule mdogo mtu anachana kipakiti, anakikamulia kwenye sahani, na watoto wote wanne wamezunguka. Kila mmoja anachovya kidole. Yule mwembamba alichovya wa mwisho. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Walikuwa wanakula kwa adabu, kama tulivyofundishwa sisi: mtoto hali peke yake wenzake wakimwangalia, na mama anayemlisha mmoja mbele ya watatu ni mama gani?

Nikamtazama mama. Akazidi kuinamia ungo. Mama hapendi habari za kambi zitajwe katika nchi hii.

"Mama, mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini? Mimi nani? Wana manesi wao."

"Mlivyofanya kambini, wewe na wale wamama wa mstari wetu wa nyumba."

"Hebu niache mie. Kesho utawaambia na wazungu wako wa kazini kwamba tulipanga foleni na vikombe."

Kwenye simu yule msichana alikuwa amekiokota kipakiti kitupu, anakilamba kwa ndani. Mama aliangalia. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

Mdogo wangu wa kiume alikondaga hivyo hivyo. Uji wake wa msaada ulikuwa unaishia kwenye vinywa vyetu sote, na mama hakuweza kutunyima. Basi mama na wenzake wawili waliokuwa na watoto kama yeye wakapanga. Wale wembamba watatu wanakula nyumba moja, kila mmoja na kikombe chake, na sisi wengine tunapelekwa kwa mama mwingine mpaka wamalize. Zamu kwa zamu. Hakuna aliyekula peke yake, na hakuna aliyekodolewa macho.

Mama akaeleza kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza, jirani kwa lugha yao. Majibu yakarudi kwa njia ileile.

"Anauliza, wale wakubwa wakilia?"

"Walilie kwa jirani," mama akasema. "Mtoto wako akililia kwa jirani hasikiki sana."

Ilipofika Bangladesh, kicheko kikasikika huku Minto. Yule dada akasema atarudi kupimwa mara nyingine, na atatafuta wenzake.

Nisijisifu mno. Baadaye jirani aliniambia kuna mama wa kujitolea kulekule kambini aliyemwambia mdogo wake tangu mwanzo kwamba kipakiti ni cha mtoto mmoja. Kwa hiyo hilo halikuwa geni. Alichokosa ni jinsi ya kulifanya bila kuonekana mchoyo. Na mtoto alipewa pia dawa ya minyoo. Kipi kilisaidia zaidi, siwezi kuapa.

Ila leo, baada ya kanisa, jirani aliingia mbio bila hodi, ndala moja yake, nyingine ya mumewe.

"Njano! Mama, njano!"

Mama akajifanya mgumu. "Njano siyo kijani." Kisha akaomba simu, akaitazama ile picha ya mkono na utepe, akairudisha, akaiomba tena. Nyuma ya mkono walionekana watoto wengine wawili wembamba, wa wale mama wenzake, kila mmoja kashika kipakiti chake.

Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, eti bibi aliishi kambini kweli? Kabla sijafungua mdomo mama akajibu mwenyewe:

"Niliishi. Na sikukaa bure. Muulize mjomba wako."

Mjomba mwenyewe, yule wa uji, anaendesha lori siku hizi huko Campbelltown, na shati halimfungi tumboni.

Jioni jirani alileta mikate yake ya unga wa mchele na mchuzi wa ng'ombe wenye pilipili, nyama ya halali ya kutoka Auburn. Sisi tulipika maharage na ndizi, katika sufuria mpya ambayo nguruwe hajaingia, ili naye ale bila wasiwasi. Binti alifuata sahani yake kabatini. Mama akamwambia airudishe. Tukala wote kwenye sinia moja.