Gunia la Waziri wa Fedha

Jumatano, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla hatujaamka na haikukatika mpaka saa nane. Ukungu ulilala juu ya uwanja wa ndege wa Rughenda na hakuna ndege iliyosikika. Siku kama hii Butembo yote hunuka udongo mwekundu na moshi wa mikaratusi, zile kuni mbichi zinazokataa kushika moto. Redio ilikuwa inasema habari za waziri wa fedha, kwamba walimu watalipwa, kwamba wavumilie. Mume wangu, Kambale, akasema mtu yule angefungwa leo leo. Mimi sikumuunga mkono. Si kwamba najua zaidi. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, na mambo ya Kinshasa nayasikia kama kila mtu. Sikumuunga mkono kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa waziri wa fedha, nikiwa na miaka kumi na miwili, na kazi ile sikuifanya vizuri.

Shule yetu ya msingi ilikuwa mlimani, kuta za matofali na madirisha bila vioo. Darasa la sita lilikuwa na serikali ya wanafunzi: waziri mkuu, waziri wa usafi, wa mazingira, na wengine nimewasahau. Mwalimu Paluku, aliyetufundisha, alitaka tuifuate nchi sawasawa, kwa hiyo tukapata pia mawaziri wawili ambao watu wengi wanawachanganya hadi leo. Waziri wa bajeti, Kasereka, mvulana mwenye mwandiko mzuri, aliandika vitu vitakavyonunuliwa. Waziri wa fedha ndiye aliyepaswa kukusanya mali, kuitunza, na kuitoa siku karatasi ya bajeti inapoidai. Kasereka akiandika sabuni, alipigiwa makofi. Sabuni isipoonekana, watu walikuja kwangu. Walinichagua kwa sababu mama aliuza maharagi sokoni, wakafikiri mambo ya vipimo nimezaliwa nayo. Na hazina yetu ilikuwa maharagi kweli, maana watoto wengi hawakuwa na pesa lakini kila nyumba ilikuwa na shamba. Ijumaa kila mtoto alileta kopo moja. Nilisimama mlangoni mwa biro ya direkta, ofisi ya mkuu wa shule, nimeshika mdomo wa gunia, nikisikia maharagi yanavyoanguka, na pua imejaa vumbi la maganda na la jivu tulilochanganya ili wadudu wasiyatoboe. Nilijua nani ameleta mazuri, na nani ameleta yaliyokwisha kutobolewa huku anatabasamu.

Bajeti ya Kasereka ilikuwa na mstari mmoja mkubwa: mabati mawili na mlango wa choo cha wasichana. Upepo ulikuwa umechukua paa, na mlango uliisha kidogo kidogo, mtu akibandua ubao mmoja leo na mwingine kesho. Watoto wadogo hawakujali. Lakini Masika, aliyekaa nami benchi moja, alikuwa amechelewa kuanza shule, na alikuwa msichana mkubwa tayari. Kila mwezi kulikuwa na siku nne, tano, ambazo hakuja. Mwalimu aliandika hayupo, hayupo. Baba yake alikuwa amesema wazi kwamba akikosa sana hataandikishwa kwa mtihani wa mwisho, na asipoufanya ataenda kwa bibi yake Luofu kulima. Masika alitaka kuwa muuguzi. Aliniambia habari ya choo kwa sauti ndogo, akitazama daftari lake, kwa kuwa si jambo la kutajwa mbele ya wavulana, hata wakiwa mawaziri.

Kabla ya Noeli gunia lilijaa. Mama alilipima kwa macho akasema likiuzwa litatosha mabati, na mlango pia kama tutabembeleza seremala. Masika alinifuata nyuma ya darasa.

“Kavira, uzisha sasa.”

“Ngojea kidogo. Mwezi wa pili batu banatafuta mbegu ya kupanda, bei itapanda. Tutapata mabati, mulango, na kufuli pia.”

“Miye niko na lazima ya kufuli?”

“Weye haujue biashara.”

“Na weye haujue ile choo,” akasema, “sababu kwenu ni hapa karibu, unakimbiaka nyumbani.”

Katembo, waziri mkuu wetu, aliyependa kuja na koti la kaka yake, akanipa jina: Ministri wa Ngojea. Darasa zima likalishika. Nilikasirika, na kusema kweli nilifurahi pia, sijui kama vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Nilijiona mtu mzima. Nilikuwa nimemwona mama akikataa kuuza, akikaa juu ya magunia yake hadi wiki za kupanda, na wanunuzi wakirudi kumbembeleza. Sikufikiri kwamba maharagi ya mama yalikuwa yake, na haya yalikuwa ya wenye haja nayo.

Mwezi wa kwanza walimu hawakulipwa. Hata mwezi wa kumi na mbili hawakuwa wamelipwa. Direkta alishuka mjini Beni kufuatilia, akarudi siku ya tatu na matope hadi magotini, akasema karatasi zao ziko Kinshasa, kwenye wizara ya Fedha. Mwalimu Paluku alikuwa anafundisha ameegemea ubao. Siku moja alikaa chini katikati ya maneno akatuambia tunakili tu, nasi tulijua ni njaa. Kesho yake direkta aliniita biro, akaweka karatasi mbele yangu.

“Madame la Ministre,” akasema, wala hakucheka, “shule iko inakopa. Mushahara ikifika, tutarudisha. Weka signature hapa.”

Nataka kuwa wa haki kwake. Hakunitisha. Alinieleza polepole na akaniuliza kama niko na neno, naye angeweza kubeba gunia tu bila kuniita. Niliandika jina langu, walimu sita wakagawana maharagi, na Jumatatu Mwalimu Paluku alisimama wima mpaka kengele. Hilo pia lazima niliandike.

Mshahara ulikuja baada ya Pasaka, wa mwezi mmoja tu, ukaishia kwenye madeni yao. Gunia halikurudi. Masika alikosa siku tano mwezi wa pili, na tano tena mwezi wa tatu. Majina ya mtihani yalipobandikwa, lake halikuwemo. Baba yake alimpandisha lori lililoleta viazi, likirudi tupu upande wa Lubero, njia ya kwa bibi yake.

Miaka mingi nilisema kosa ni la direkta. Nilipokua nikasema ni la Kinshasa. Sifuti hata moja. Lakini gunia lilikuwa limejaa wiki sita kabla ya ile karatasi, na wiki sita hizo zilikuwa zangu. Sijui waziri wa leo anafanya nini na mali yetu. Labda hazina ni tupu, labda anakula, labda anangojea bei. Ninachokiona ni kwamba binti yangu anasoma bure, wanasema, na mwalimu wake bado analima shamba la watu Jumamosi ili ale, na choo cha shule kina paa lakini mlango ni kipande cha turubai. Miaka yote hii imepita na tumefika kwenye turubai. Inanichosha.

Masika yuko Butembo tangu mwezi uliopita. Amekimbia vita na watoto watatu, anakaa kwa shemeji yake. Leo mvua ilipokatika alipita kwetu, akachukua kisu kunisaidia kumenya viazi. Redio ikarudia habari ile ile.

“Bote ni sawa na ule direkta yetu,” akasema. “Alikulaka choo yetu.”

Nikamwambia. Nilimwambia gunia lilijaa lini, na kwamba lingeuzwa siku ile aliponiomba, direkta angekuta mabati juu ya choo. Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika.

“Najua, dada,” akasema. “Ni weye nilikuombaka. Hapana direkta.”

Nikaosha viazi alivyokwisha kumenya, nikavitia sufuriani. Jioni tulikula viazi na sombe ya majani ya muhogo, na makayabu kidogo, wale samaki wa chumvi. Masika alikula nusu ya sahani yake, akaomba nusu nyingine nimfungie kwenye jani la mgomba, apelekee watoto.