Siku Nilipooshwa Miguu Kanisani

Haya, leo nalitoa hili moyoni, maana tangu siku ile nimekuwa nikibadili njia kila nikimwona mtu wa kanisani kwetu sokoni. Mimi ndiye yule Mama Kidonda. Hapa Kolwezi wapo bado wanaoniita hivyo, na ninaitika, nitafanyaje?

Nilikuwa kiongozi wa kwaya ya wasichana, na pasta alinipa siku tatu nzima nifundishe semina ya utakatifu. Jamani, nilifundisha! Utakatifu ni kujitenga, nikasema, mwili ni hekalu, na hekalu halipakwi verni (rangi ya kucha hiyo). Hata mfano nilikuwa nao, kwa sababu wiki tatu kabla nilikuwa nimemtoa Solange kwenye kwaya mbele ya wenzake wote, mtoto mwenye sauti nzuri kuliko wote, kosa lake kucha za mikono zinazong'aa. Sikumtaja jina kwenye semina, lakini watu wote waligeuka wakamtazama, na mimi nikanyamaza kidogo ili wamalize kumtazama.

Jumamosi, siku ya mwisho ya kufundisha, nilirudi nyumbani kujiandaa kwa harusi ya mpwa wangu, na yule mpakaji wa verni wa mtaani akapita akigonganisha vichupa vyake. Mdogo wangu akamwita. Mimi nikakataa. Mdogo wangu akasema, "Ya ku miguu tu, yaya, utavala viatu ya kufunga, nani ataiona?" (Yaya ni mimi, dada yake mkubwa. Sasa kama hakuna atakayeiona, unapaka ya nini? Mniulize leo, siku ile sikujiuliza.) Nikanyoosha miguu. Nyekundu, na kwenye kila kidole gumba kaua keupe.

Jumapili asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kufunga, nikakaa mbele kabisa na walimu wengine wa kanisa. Pasta akasimama akasema, "Batu ya Mungu, siku tatu tumesikia maneno. Leo tutafanya. Balimu batoshe viatu, vijana batabaosha miguu."

Nikatazama mlango, uko mbali, nikatazama pembeni, nikamwona Solange anakuja na beseni na taulo, na ni pasta mwenyewe aliyemtuma kwangu ili tupatane.

"Pasta," nikasema, "mi niko na kidonda ku muguu. Mubaya sana."

Uongo, kanisani, mwalimu wa utakatifu! Nami nikadhani nimepona. Kumbe pasta uso ulimng'aa, akashika maikrofoni, "Bandugu, mama yetu iko naumwa na hakutuambia! Solange, mutoshe viatu pole pole, tutamuombea."

Solange akapiga magoti, akavua kiatu cha kwanza, akaona. Akainua macho, tukatazamana. Nikasema moyoni, haya, sasa atalipiza, na haki yake. Lakini yule mtoto akafunika miguu yangu yote miwili kwa taulo, akavua kiatu cha pili humo humo, akaniosha kwa chini chini bila kuifunua.

Wakaja. Wazee, wamama, kwaya nzima, wamenyoosha mikono juu ya kidonda ambacho hakipo, wanalia, wanakemea, jasho linanitoka, na mimi (msinicheke) nikaitikia amina. Mama Beya, shemasi wetu, ambaye imani yake haina breki, akaruka, "Amepona! Tuone kazi ya Bwana!" akalivuta taulo.

Mikono yote ikabaki hewani. Kucha nyekundu na maua yake. Halafu tata mmoja, mzee wa kiti cha nyuma, akasema taratibu, kama anayeuliza, "Amina?"

Sijui nilisema nini kwenye maikrofoni. Wanasema niliomba msamaha mara tano na mara zote nililia.

Baada ya ibada nikamkimbilia Solange uani, miguu mitupu, viatu mkononi. Nikamwambia arudi kwaya, nikamwuliza kwa nini alinifunika.

"Sikupenda bakuangarie vile baliniangaria, mama."

"Mungu wangu! Unisamehe, mtoto wangu," nikasema.

"Nilikusamehe." Akainama, akaendelea kukamua taulo. "Lakini mama, hizi juma tatu, kila mara niko naomba, nilikuwa naona uso yako. Nilifikiri Mungu njo vile anakuwaka."

Kwamba Mungu ndivyo alivyo, kama mimi! Nilishtuka kuliko taulo lilipovutwa. Aibu ya kucha ilinitoka hapo hapo, ikaja nyingine ambayo mpaka leo iko nami. Siku tatu nilisimama mbele ya watu kuwaambia Mungu mtakatifu anafananaje, na mtoto huyu alikuwa amekwisha kunisadiki.

Nilimrudishia pasta uongozi wa kwaya wiki ile ile. Nimeapa sitamtoa tena mtu mbele za wenzake kwa jina la Mungu, na nikiombwa kufundisha utakatifu, namwelekeza pasta kwa Solange.