Kijana Aliyeitikia Marahaba

Nilichokiona kwenye machimbo karibu na Rwamgasa nilikiona alasiri, jua likiwaka, na pombe sinywi. Ukisema nimetunga, sikulaumu. Lakini nilikuwepo.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa redio na vitabu vya mitumba, nacho kikanipa kazi ya ukalimani. Profesa mmoja wa ng'ambo huleta wanafunzi wake wakati wa likizo yao ndefu, wajifunze maisha ya wachimbaji wadogo papo hapo. Safari ile niliwafundisha salamu. Binti mmoja, Emili, alizipenda mno. Akampa shikamoo kila aliyekutana naye, hata vijana wenzake.

"Dada, unanizeesha!" mchimbaji mmoja alilalamika, wenzake wakiangua kicheko. "Sasa nani atanikubali?"

Tuliporudi kwenye gari, Emili hakuwemo. Nikarudi kumtafuta. Nilimkuta kando ya duara la zamani, shimo lililoachwa baada ya kuporomoka na kuua watu. Kwenye ukingo wake alikaa kijana mwembamba, mwili mzima vumbi la mawe, hata ndevu hana.

"Shikamoo," Emili akamwambia.

Nikangoja mzaha. Kijana hakucheka.

"Marahaba, mjukuu wangu," aliitikia taratibu, kwa sauti ya mzee kabisa. Kisha akasema kwa Kisukuma, "Nzugu." Njoo.

Sikuwa nimetafsiri. Binti yule, niamini, hakujua neno hata moja la Kisukuma. Mbona basi alikwenda?

"Ananiita," aliniambia bila kugeuka. "Nimechelewa."

Mguu mmoja tayari ulikuwa kwenye ngazi ya miti. Nikamshika mkono, nikavuta. Hakuvutika, utadhani kuna mwingine anamvuta kutoka chini.

Hapo ndipo nikaielewa ile marahaba. Yule alikuwa mzee kweli, ila sura yake ilibaki ile ya ujana aliofia humo shimoni. Nami nilikuwa nimefika mbele yake kimya, kama mtu asiye na kwao. Nikavua kofia, nikapiga goti kwenye kifusi, mimi mwenye mvi.

"Shikamoo, guku," nilisema, yaani babu. "Huyu ni mgeni wangu. Tunaomba ruhusa tuondoke."

Alinitazama toka mvi hadi goti.

"Marahaba. Nenda naye. Njia ameshaijua."

Mkono wa Emili ukalegea. Nilipoinua macho, ukingoni hapakuwa na mtu.

Emili alirudi kwao. Bado hunitumia ujumbe wa sauti, kwa Kisukuma cha wazee hasa, akiuliza kama duara limefunguliwa. Nikimpigia, anasema hakutuma kitu. Sasa profesa ameniarifu kwamba analeta wanafunzi tena, na Emili ameomba awemo. Nimemsihi asimlete. Anadhani nimechoka kazi.

Kwa hiyo nakuambia wewe dereva, wewe mkalimani, wewe mwenye nyumba ya wageni Geita au Kharumwa: akija binti wa kigeni anayeitwa Emili, akakuomba kwa Kisukuma kizuri umfikishe Rwamgasa, usimpeleke. Hata akilia.