Springi ya Kushoto

Subira yangu iliisha siku baba mdogo alipoingia uani na jani la isale mkononi.

Kwetu Uchagani mtu akikuletea jani hilo amekuja kuomba msamaha, na hukatai. Hata kama amekuulia ng'ombe, hukatai. Baba mdogo wa mume wangu alilishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya mume wangu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na bandeji juu ya jicho la kulia, akayasema maneno yote yanayotakiwa, kwa Kichagga kizuri cha wazee. Mume wangu akalipokea. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, mtoto mgongoni, nakoroga mtori wa ndizi. Nikasema moyoni, haya, angalau amekuja.

Halafu, hata kiti hakijapata joto, akasema: "Sasa mwanangu, wiki ijayo ukipata nguvu uje tumalizie ile springi ya kushoto. Krismasi ndiyo hiyo."

Niliuacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka.

"Shikamoo baba. Hilo jani ni la jicho lililotoka, au umeleta na la jicho la pili kabisa?"

"Mama, hayo ni mambo ya gereji."

"Ya gereji ni kuumia. Kuuguza ni ya nani?"

Mume wangu akanikoholea, kama mtu anayemkanya mbwa asimbwekee mgeni. Sikunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza tangu nilipoolewa.

Gari lenye springi hiyo lilikuwa la marehemu babu, baba yake huyo baba mdogo. Alilinunua enzi ambazo kahawa ilikuwa kahawa, mzee wa kihamba kimoja tu cha kahawa na migomba anaenda nalo kanisani amevaa kofia. Kahawa ilipoanguka likaachwa migombani, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Kisha wakaja hawa ndugu wa Dar es Salaam, kila Desemba wanapanda mlimani na magari yao ya Dubai, wanayaegesha uwanjani kwa baba mdogo, na yeye, fundi, mwenye gereji yake bondeni njia ya Mabogini, anawalaki kwa miguu. Ilimuuma. Akaapa Krismasi ile gari la baba yake litaingia nyumbani likinguruma.

Yeye na mume wangu, fundi wake pale gereji, walilivua mpaka likabaki mifupa. Bodi ikanyooshwa, injini ikafunguliwa. Springi za mbele zilikuwa zimechoka, gari linainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Baba mdogo akaagiza mpya zikavushwa kutoka Kenya, kupitia Tarakea, zimepakwa grisi. Mume wangu alizisifia nyumbani kama mtu anayesifia ndama.

Ndipo kosa lilipoingia. Pale gereji springi ilikuwa haibanwi kwa chombo. Waliisimamisha chini ya lori bovu, wakaisukuma kwa jeki mpaka ikabanana, wakaifunga kwa waya wa nondo, ule wa kufungia vyuma vya zege, wakaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye gari. Ikishakaa, wanakata waya. Walifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa, kwa sababu miaka yote walikuwa wanarudisha springi za zamani, zilizokwisha nguvu. Hii ilikuwa mpya. Waya ulikuwa ule ule.

Mume wangu alijua. Alinieleza siku moja mezani, kijiko kikiwa ndiyo springi. Kuna chombo, vyuma viwili vyenye ndoano na boliti ndefu, unavifunga pande mbili zinazotazamana, unakaza huku kidogo, kule kidogo, springi inashuka bila kupinda. Gari linakaa juu ya stendi za chuma, si mawe. Mnyororo unapitishwa katikati ya springi, ikichomoka isifike mbali. Ncha ya springi unaielekeza kwenye kikalio chake, kishimo inapokaa, unapandisha mkono wa chini wa gurudumu kwa jeki taratibu, unafunga nati zote, ndipo unalegeza chombo. Na wakati wote huo uso wako hauko mbele yake.

"Basi si mkiazime?" nilimuuliza.

Kilikuwepo mjini, kwa fundi aliyekuwa mwanafunzi wa baba mdogo kabla hajaondoka kufungua gereji yake. Mume wangu alishathubutu kukitaja. Jibu alilopewa na baba mdogo lilikuwa: "Nikamwombe mtu niliyemfundisha kushika spana?"

Springi ya kulia ilimlipukia mume wangu usoni waya mmoja ulipokatika, akiwa anatafuta kikalio kwa vidole. Hospitali walihangaika, lakini jicho la kulia halikuwa tena jicho. Aliporudi nyumbani, mtoto alimwendea upande huo na mikono juu, abebwe, na baba yake akaendelea kutazama migomba. Mtoto akasimama pale. Kisha akakaa chini, hata hakulia. Nilikwenda kumwokota mimi.

Sasa huyu anataka ya kushoto.

"Mtaifungaje?" nilimuuliza pale uani.

"Safari hii tutazidisha waya."

Nilimtazama mume wangu aseme kitu. Akasema, "Umebaki upande mmoja tu, mama. Nitakaa mbali kidogo."

"Kwa jicho moja utajuaje mbali ni wapi? Jana umemimina chai pembeni ya kikombe!"

Baba mdogo akainuka. "Binti wa sekondari huyu, atatuvunjia ukoo." Akaenda zake.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikashuka mjini ofisi ya kazi. Afisa alikuwa mtu wa makamo, Mchagga mwenzetu. Alisikiliza vizuri mpaka akauliza mlalamikiwa ni nani.

"Baba mdogo wa mume wangu."

Akaweka kalamu chini. "Alileta isale?"

"Alileta."

"Mkapokea?"

"Tulipokea."

"Sasa mama, unalalamika nini tena? Yaliyosamehewa hayaletwi huku."

"La kulia tumesamehe, mzee. Sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kwa ajili ya lililobaki."

Alinitazama, akamtazama mtoto. Akasema wataniita mwanamke mbaya. Nikamwambia wameshaanza. Akanisogezea karatasi, nikaandika kwa mkono wangu, nikasaini, akapokea:

*Mimi ni mke wa fundi aliyepofuka jicho la kulia akiwa kazini. Sidai fidia kwa malalamiko haya. Nalalamika kwamba mwenye gereji amemwita tena afunge springi ya mbele kushoto kwa waya wa nondo, ingawa anajua chombo cha kuibania kipo mjini. Naomba ofisi yako imzuie, na ifike pale kabla ya wiki ijayo, kwa sababu mume wangu hatakataa.*